Kitufe cha Tatu

Siku Ardo alipopiga simu, Külli alikuwa mbele ya skrini na mumewe Heldur amesimama nyuma ya kiti chake akingoja zamu, kama mtu aliyebanwa mlangoni pa choo.

"Bado kidogo tu," alisema Külli.

"Ulisema hivyohivyo kabla ya kahawa."

"Na kahawa yenyewe umeimaliza peke yako."

Chini ya meza zilipangwa kompyuta tatu. Juu ya meza palikuwa na skrini moja, kibodi moja na kipanya kimoja, na pembeni kisanduku cheusi chenye vitufe vitatu ambacho nyaya zote zilipitia. Ukibonyeza kitufe cha kwanza, skrini inahamia kwa Heldur na michoro yake ya madirisha, aliyoichorea kiwanda kilichowauzia Wafini. Cha pili kilikuwa cha Külli, mtunza hesabu za majengo kadhaa pale mjini Põlva: maji, joto, taka, na ugomvi wa wapangaji juu ya yote matatu. Cha tatu kilikuwa cha mtoto wao. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, ghorofa ya nne. Meza ya pili ingeingia, ila wenyewe wangelazimika kulala wima.

Simu ilipolia, Külli aliona jina akainuka haraka hata kiti kikamgonga Heldur magotini.

"Mama, uko na baba?"

"Yuko hapa, ananipumulia kisogoni."

"Basi sikiliza tu. Kertu anakuja huko Jumamosi kumwona bibi yake. Ana gari. Atapita kuichukua kompyuta yangu."

"Kompyuta ipi?" aliuliza Külli, kana kwamba nyumba ilijaa kompyuta za Ardo.

"Yangu, mama. Ipo moja tu."

"Ya nini huko? Si unashinda unapanda majukwaa ya ujenzi?"

"Jioni nashuka." Ardo alicheka kidogo. "Nimepata chumba. Kina mlango wake na ufunguo wake."

"Hongera, mwanangu," alisema Külli. Mtoto anapokuja kuchukua viatu, anakwenda matembezi. Anapochukua kompyuta, amehama.

Alipogeuka, Heldur tayari alikuwa amekikalia kiti na kubonyeza kitufe chake. Madirisha yalijaa skrini, madirisha ya nyumba za watu wengine.

"Anataka nini?" aliuliza bila kugeuka.

Külli akamweleza.

"Aje mwenyewe."

"Heldur."

"Mtu haachi vitu vyake kwangu halafu akatuma msichana kuvifuata, kama anachukua koti kwa dobi. Aje mwenyewe, apande ngazi, aseme 'habari za hapa', abebe."

"Unajua hawezi kuja."

"Miguu inamuuma?"

Wote wawili walijua kilichomuuma Ardo.

*

Ilikuwa mwezi wa pili, theluji imefika madirishani mwa ghorofa ya chini. Kampuni moja ya Tallinn, mji mkuu, watengenezaji wa michezo ya kompyuta, ilikubali kumhoji Ardo kwa njia ya video. Tangu amalize chuo alikuwa akichora misitu na mazimwi ambayo hakuna aliyemlipa kwayo, naye Heldur alikuwa ameyapa jina: "wale ng'ombe wako wenye mabawa." Siku hiyo Ardo alivaa shati la baba yake, akalipiga pasi mwenyewe, akaketi mbele ya skrini mgongo umenyooka.

Mahojiano yakavuka muda uliopangwa. Heldur alikuwa na mchoro ambao kiwanda kiliutaka kabla ya kufunga. Akasimama nyuma ya kiti. Akakohoa. Akanyoosha kidole kwenye saa ya ukutani. Mwishowe akainama, akabonyeza kitufe cha kwanza.

Kitufe kile hakifuti kitu. Kompyuta yako inaendelea kufanya kazi kule chini ya meza. Wewe ndiye unayepofuka. Lakini kamera na maikrofoni navyo vilipitia kisanduku kilekile. Watu wa Tallinn walimwona kijana akiwa katikati ya sentensi, kisha wakaona giza. Hadi baba na mwana wamalize kubishana na Ardo arudishiwe skrini, wale watu walikuwa wamekwisha kuondoka, na hawakurudi.

"Katika nyumba hii," alisema Heldur, wala hakupaza sauti, "mwenye kazi ndiye mwenye skrini."

Ardo alilivua shati, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya mto wa baba yake. Wiki ileile akavuka bahari kwenda Ufini, kufanya kazi. Tangu hapo alimpigia mama yake simu na kumwuliza mambo ya hali ya hewa.

*

Kompyuta yake ilibaki imewashwa. Hakuna aliyesema iwashwe, hakuna aliyesema izimwe. Ilivuma chini ya meza kama friji ndogo.

Kila Heldur alipokwenda gereji, Külli alibonyeza kitufe cha tatu. Hapakuwa na la kuona zaidi ya ukurasa wa kuomba neno la siri, na juu yake picha ya Ardo kando ya ziwa, nywele zimelowa, jicho moja amelifumba kwa jua. Külli aliitazama akimaliza kahawa yake, kisha akarudi kwenye hesabu za taka. Safari moja alijaribu kuandika jina la mbwa wao aliyekufa. Kompyuta ikamkatalia. Akaona haya, kama mama aliyefumaniwa akipekua mifuko ya suruali ya mwanawe.

Siku moja kabla ya Kertu kuja, Külli alirudi kutoka dukani mapema. Aliingiza ufunguo polepole kwa sababu mfuko wa maziwa mgando ulikuwa unavuja na alitaka kuushika wima. Kutoka kwenye ujia akamwona Heldur. Alikuwa ameketi mbele ya picha ya ziwani. Kibodi ameisukuma pembeni kama mtu aliyemaliza kula, mikono ameilaza juu ya magoti. Hakuwa akifanya lolote. Mabega yake yalikuwa yameshuka namna ambayo Külli aliiona mara moja tu, kwenye mazishi ya mama mkwe.

Akarudi nyuma taratibu, akatoka nje, akaufunga mlango bila sauti. Kisha akaufungua tena kwa kishindo, akipiga miguu kwenye zulia na kulalamikia ngazi. Alipoingia chumbani, skrini ilikuwa imejaa madirisha.

"Umechelewa," alisema Heldur.

"Foleni," alisema Külli.

Jioni walimenya viazi pamoja, kila mmoja na kisu chake, maganda yakiangukia gazetini.

"Heldur, mpigie."

"Nimwambie nini?"

"Hata hujambo."

"Atakata."

"Basi atakata. Utakuwa umepiga."

Heldur alikitoboa kiazi jicho, akalitoboa la pili, akakigeuzageuza kukitafutia la tatu ambalo halikuwepo. "Wewe unaongea naye kila wiki," alisema. "Amewahi kuniulizia?"

Külli angeweza kudanganya. Katika ndoa ndefu mtu hujifunza uongo wa kumfunika mwenzake, kama blanketi. Lakini alichelewa kidogo tu kujibu, na kule kuchelewa kukawa ndilo jibu.

*

Jumamosi Heldur alisema anakwenda gereji kubadilisha matairi. Matairi ya baridi alikuwa amekwisha kuyatoa mwezi uliopita, naye Külli alimsaidia kuyapanga. Hakumkumbusha.

Kertu alikuja mchana, msichana mrefu aliyesoma na Ardo tangu darasa la kwanza, sasa muuguzi katika mji uleule wa Ufini. Külli alimkalisha jikoni kwa nguvu, akamwekea mkate mweusi, dagaa wa kopo na mayai.

"Mama, nimetoka kula kwa bibi. Nitapasuka."

"Utapasukia njiani. Kula. Yeye huko anakula?"

"Anakula. Ana misuli sasa, utadhani kaiazima."

"Na hicho chumba? Kina joto?"

"Kina joto, kina dirisha, kina jirani anayepiga tarumbeta. Anajifunza. Jirani, si Ardo."

Külli alicheka, akasikia kicheko chake kinaishia pabaya. "Kertu, mwanangu, niambie ukweli. Atarudi?"

Kertu aliweka uma chini. "Mama, mimi ni dereva tu leo."

Külli akaitikia kwa kichwa. Akavaa aproni ya kufanyia usafi, akaingia chini ya meza kwa magoti na mikono. Kule chini palikuwa na vumbi la miaka, kijiko kilichopotea na nyaya zilizosokotana kama mizizi ya mti. Akashika mmoja, akauvuta kidogo. Skrini juu ikazimika. Akaurudisha. Akashika mwingine. Kertu akainama kumulika kwa simu, wote wawili wakawa wanauliza, "Huu? Au huu?" wala hakuna aliyejua.

Ndipo wakasikia mlango.

"Toka humo," alisema Heldur, "kabla hujatuzimia jengo zima."

Mikono yake haikuwa na tone la grisi. Külli akatoka, magoti yakilia, Heldur akaingia. Walimsikia akihema. Sauti ya mvumo iliyokuwa ndani ya nyumba majira yote yale ikashuka, ikashuka, ikanyamaza. Hapo ndipo Külli alipojua ilikuwa kubwa kiasi gani. Heldur akatoka kinyumenyume, kompyuta ameikumbatia, utando wa buibui sikioni. Akaipangusa kwa mkono wa sweta lake, upande huu na upande huu.

"Huko ana skrini?" alimwuliza Kertu.

"Amesema atatafuta, mzee. Kwa sasa hana."

Heldur alisimama pale. Kisha akaiweka kompyuta sakafuni, akaigeukia skrini, ile skrini pana aliyoinunua kwa ajili ya michoro yake, aliyokuwa akiifuta kila Jumapili kwa kitambaa cha miwani. Akaanza kuchomoa nyaya zake.

"Heldur," alisema Külli. "Jumatatu nina mkutano."

Akaendelea kuchomoa.

"Heldur, unanisikia?"

"Ataitazama kwa macho gani?" alisema, sauti imekwaruza. "Hebu niambie. Kompyuta bila skrini, ataitazama kwa macho gani?"

Akaiviringisha kwenye blanketi la sufu. Akachukua na kibodi. Alipofikia kipanya, Kertu akasema, "Mzee, niachie nafasi, nimebeba na magunia ya viazi ya bibi," na Heldur akakirudisha mezani kwa aibu.

Garini aliiweka skrini kwenye kiti cha nyuma, akaifunga mkanda wa usalama, akauvuta kuhakikisha umebana.

"Nimwambie nini?" aliuliza Kertu akiwa ameshika usukani.

Heldur aliangalia miti iliyochanua nyuma ya majengo. Külli, aliyesimama ngazini, alimwombea neno moja, lolote.

"Mwambie asiiweke karibu na dirisha," alisema Heldur. "Jua linachosha rangi."

*

Walipanda ngazi. Ndani, Külli aliitazama meza. Pale skrini iliposimama palibaki mstatili safi katikati ya vumbi, na kile kisanduku, na kipanya kisichokuwa na kazi.

"Umeniuliza?" alisema.

"Nini?"

"Skrini ile ni macho yangu pia. Umeniuliza? Mwezi wa pili ulibonyeza bila kumuuliza mwanao. Leo umechomoa bila kuniuliza mimi. Hata kutubu kwako, Heldur, gharama nalipa mimi."

Heldur alikaa kitandani. Alionekana mzee. "Nilidhani utafurahi."

"Nimefurahi!" Külli alipiga meza kwa kiganja. "Nimefurahi na nimekasirika, vyote viwili, nami sina pa kuviweka!" Akaingia jikoni, akaosha sahani ya Kertu mara mbili.

Jirani yao Vaike aliwaazima skrini ya marehemu mumewe kutoka stoo ya chini, na kibodi iliyokosa herufi moja. Skrini ilikuwa ndogo kama sinia ya chai na rangi zake zilikuwa zimeelekea kijani. Jumatatu Külli alifanya mkutano akiwa ameinama hadi pua inakaribia kugusa kioo. Bwana Lepmets, mwenyekiti wa jengo kubwa kuliko yote, alimwuliza gharama za joto za mwezi wa tatu, naye akasoma mstari wa mwezi wa nne.

"Mama Külli," alisema Lepmets kwa upole wa kuudhi, "au sasa umri umefika wa kulima maua?"

Wengine wakacheka, kila mmoja kwenye kadirisha kake. Külli akaomba radhi, akasoma upya, akasoma sawasawa. Shingo ilikuwa imemwiva kwa haya.

Alipomaliza akageuka, akitarajia kumkuta Heldur nyuma ya kiti. Hakuwepo. Alikuwa jikoni. Ametandaza karatasi kubwa juu ya meza ya kulia, ana rula na penseli, na miwani mbili moja juu ya nyingine, anachora dirisha kwa mkono kama alivyofundishwa ujanani.

"Kaa tu huko siku nzima," alisema bila kuinua kichwa. "Mimi nina kazi hapa." Kisha, baada ya kunoa penseli isiyohitaji kunolewa: "Nilimsikia yule Lepmets. Mjinga. Mwaka jana alishindwa kufungua mlango wa gereji yake mwenyewe."

Külli alisimama mlangoni. Hasira yake ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imekaa chini. Akamwekea kahawa karibu na rula, mbali kidogo na karatasi.

*

Ardo alipiga simu kesho yake jioni, jua lingali juu kama ilivyo desturi ya mwezi wa tano kule kaskazini. Külli alikuwa akichemsha viazi.

"Imefika, mwanangu? Imefika salama?"

"Imefika." Nyuma yake tarumbeta lilikuwa likitafuta wimbo na kuukosa. "Zimefika zote. Mama, baba yupo?"

Külli aliitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. "Yupo."

Akamnyooshea Heldur simu. Heldur aliweka penseli chini, akafuta viganja kwenye suruali, kimoja, halafu kingine. Akaipokea kama mtu anayepewa yai.

"Naam," alisema. Akakohoa. "Naam, ni mimi."

Külli alirudi kwenye jiko akasimama ameupa chumba mgongo. Hakuwahi kusikiliza kwa mgongo namna ile.

"Waya gani?" alisema Heldur. "Ule mnene? ... La, la, mnene ni wa umeme. Ule wenye skrubu mbili pembeni ndio wa skrini ... Nyuma, chini, upande wa kushoto. Usiulazimishe. Una sura yake, unaingia kwa upande mmoja tu ... Umeingia? Kaza skrubu. Kwa vidole, si kwa bisibisi."

Külli alishika mwiko bila kukoroga. Mtoto yule alikuwa akifungua na kufunga kompyuta tangu mikono yake ilipoweza kushika bisibisi. Hata kile kisanduku cheusi alikinunua yeye, akakifunga yeye, siku moja ya Jumapili, baba yake akimshikia tochi na kuuliza kila waya unakwenda wapi. Hapakuwa na waya duniani ambao Ardo angehitaji kumwuliza Heldur.

Naye Heldur alilijua hilo. Külli aligeuka kidogo akamwona: macho ameyafumba, kichwa ameegemeza kwenye kabati la vyombo, mkono ulio huru unachora nyaya hewani. Alikuwa anaeleza polepole, kuanzia mwanzo, kama mtu anayemwongoza mwenzake gizani hatua kwa hatua.

"Hapana, si ujinga," alisema Heldur kwa sauti ya chini. "Mtu akiuliza si mjinga ... Nirudie? Nirudie upi? Ule wa mwisho? Sawa. Narudia."

Viazi vilianza kuchemka kwa nguvu, kifuniko kikigongagonga. Külli akazima jiko, vingali vigumu, ili kusiwe na kelele.

Hatimaye Heldur alisema, "Haya. Haya basi, kijana," akabaki ameshika simu iliyokwisha kukatika. Külli akangoja. Alipoona haneni, akauliza:

"Anakuja? Hata siku ya moto wa Jaani, katikati ya kiangazi?"

"Sikumuuliza."

"Heldur! Kwa nini hukumuuliza?"

Heldur alikaa mbele ya dirisha lake la penseli, akavaa miwani ya kwanza, halafu ya pili juu yake.

"Atapiga kesho," alisema. "Hatujafika kwenye kibodi."